Mtu mzima anayesoma: Saa zake anazitoa wapi?

KILA mwaka vyuo vinapoanza kupokea maombi, hunijia watu na swali lilelile. Ni watu wazima. Wana kazi, wana ndoa, wana watoto, na wengine wana wazazi wanaowategemea. Yumo mwalimu wa shule ya msingi mwenye cheti ambaye sasa anataka shahada. Yumo dereva aliyeishia kidato cha nne kwa alama mbaya, anataka kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Yumo muuguzi, yumo karani. Wote huuliza kwa namna moja au nyingine: "Hivi kwa umri huu nitaweza? Kichwa si kimeshachoka?"

Huwajibu kwamba kichwa hakina neno. Kinachowaangusha wanafunzi watu wazima ni saa. Wala sisemi uhaba wa saa peke yake, maana kila mtu analijua hilo. Nasema ile tabia ya kuzichukua saa hizo kimyakimya kutoka kwa watu wengine, kana kwamba hazikuwa na mwenyewe. Mke hakuulizwa, watoto hawakuambiwa, bosi kafichwa. Mwaka wa pili ukifika, mtu anashangaa kwa nini nyumbani hapakaliki na masomo nayo yamekwama.

Wapo wanaopenda kutupigia mfano wa Nelson Mandela, kwamba alisoma mpaka gerezani, sembuse wewe uliye huru. Mfano huo ni mzuri, lakini wengi hawausomi wote. Mandela alianza kusomea shahada ya sheria mwaka 1943 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Wakati huo alikuwa anafanya kazi katika ofisi ya mawakili, na baada ya kuoa mwaka 1944 alikuwa na familia kule Orlando, nje ya mji. Juu ya hayo alikuwa na vikao vya siasa. Alifeli mtihani wa mwaka wa mwisho mara tatu, na mwishoni mwa 1949 chuo kikakataa kumpa shahada. Shahada hiyo ya sheria aliipata mwaka 1989, kwa masomo ya posta ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, akiwa mfungwa.

Sasa tujiulize. Kichwa si kilekile? Alipokuwa huru, kijana, ana kazi na watoto, alishindwa. Alipokuwa mzee, yuko kifungoni, alipasu. Simaanishi kwamba jela ni pahala pazuri pa kusomea, Mungu atuepushe. Ninachosema ni kwamba mtu yuleyule, mwenye akili ileile, hutoa matokeo tofauti kufuatana na saa alizonazo. Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Ile miaka ya kwanza, mkewe Evelyn alikuwa muuguzi na mshahara wake ulisaidia sana kuiendesha nyumba. Miaka michache baadaye Evelyn naye alikwenda Durban kusomea ukunga, na aliweza kwa sababu mama yake Mandela na dada yake walikuwa wanaishi nao, wakabaki na watoto. Kila mmoja alisoma kwa saa za mtu mwingine.

Nchi yetu ina historia ndefu katika jambo hili. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1992 ikatungwa ya Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha mwaka 1994. Kwa hiyo milango ipo. Mtu wa Songea au wa Pemba anaweza kusoma shahada bila kuacha kazi na bila kuhama kwake. Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja, na kujua utakachokiacha nyumba ukishaingia ni jambo jingine.

Nilivyoiba saa

Mimi nilijiandikisha mwaka 2003, nikiwa na umri wa miaka 36. Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam, naishi Mbagala, nina mke na watoto wawili. Siku niliyopata barua ya kukubaliwa nilirudi nyumbani nimenunua nyama kilo mbili. Nilimwambia mke wangu, "Nimeshapata chuo." Akafurahi, akaniombea dua. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu yote kuhusu masomo. Hakuuliza nitasoma saa ngapi, nami sikumwambia, kwa sababu sikuwa najua.

Nikaanza kuchukua. Kwanza nilichukua jioni. Nikitoka kazini nilikuwa nakaa ofisini mpaka saa mbili usiku kwa sababu pana taa na meza, na wenzangu wakinitania kwa kuniita profesa. Kisha nikachukua Jumapili. Kisha nikaweka sharti nyumbani kwamba nikiwa na kitabu nisisumbuliwe. Sharti hilo niliona ni la maana sana. Watoto walijifunza kupita mlangoni kwa kunyata, na mimi nikiwaona hivyo nilijihisi msomi hasa.

Mwaka 2004, wiki mbili kabla ya mitihani, niliona kadi ya kliniki ya mwanangu wa kiume juu ya kabati. Alikuwa na miaka minne. Nikaisoma. Ilikuwa na tarehe ya juzi yake, na iliandikwa malaria. Nikamuuliza mama yake, "Huyu aliumwa lini?" Akanijibu bila hasira, na kutokuwa na hasira kwake ndiko kulikonichoma: "Leo siku ya tatu. Homa ilipanda usiku nikampeleka na jirani. Wewe ulisema usisumbuliwe."

Mtoto alipona, Alhamdulillahi. Lakini ndugu msomaji, mtoto wangu alilala na homa siku mbili chini ya paa moja na mimi, na sikujua. Nilikuwa nyuma ya mlango nasoma kanuni za hesabu za biashara. Na hata hiyo mitihani niliyomfungia mtoto mlango kwa ajili yake, nilifeli masomo mawili kati ya manne.

Baada ya hapo niliacha kusoma kwa miezi minane. Niliporudi nilianza upya kwa njia nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa faida ya anayefikiria kujiandikisha.

Hesabu ya saa

Kabla ya kuulizia ada, ulizia uzito wa kozi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kila somo lina uzito wake unaohesabiwa kwa krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Humo mna kusoma, kusikiliza mhadhara, kuandika kazi, kujiandaa na mtihani, vyote. Shahada ya kwanza haipungui krediti 360. Zidisha kwa kumi, unapata saa 3,600. Huo ndio mzigo, na haupungui kwa sababu wewe una watoto. Unachoweza kubadilisha ni miaka ya kuubeba.

Ukitaka kumaliza kwa miaka mitatu kama vijana wa bweni, ni saa 1,200 kwa mwaka, yaani saa 24 kwa wiki ukiacha wiki mbili tu za kupumua. Kwa miaka minne ni saa 18. Kwa miaka sita ni saa 12.

Sasa chukua karatasi uandike wiki yako. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Ukilala saa saba kila usiku, ni 49. Chakula cha mchana kazini, saa moja kwa siku sita, ni 6. Mtu wa Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju anayefanya kazi mjini, njiani kwenda na kurudi hatumii chini ya saa tatu siku yenye foleni, kwa hiyo weka 18. Swala, kula, kuoga na kujiandaa, weka 18 nyingine kwa wiki nzima. Jumla ni 136. Zinabaki saa 32.

Hizo 32 ndizo zinazogombewa. Humo ndimo alimo mkeo au mumeo, wanao, mama mzazi, jirani aliyefiwa, harusi ya mtoto wa dada, kikao cha ukoo, paa linalovuja. Ukisoma kwa mwendo wa miaka mitatu unawaachia wote hao saa 8 kwa wiki, kama saa moja na dakika chache kwa siku. Ukisoma kwa mwendo wa miaka sita unawaachia 20. Ni saa tatu kasoro kwa siku. Si nyingi, lakini mtu anaweza kuishi nazo bila kuwa mgeni kwake.

Ndiyo maana nawaambia watu wasione haya kuchukua miaka sita. Kuna ugonjwa wa kutaka kumaliza haraka ili watu waone. Mtu anajaza masomo yote ya mwaka, anafeli nusu, anayarudia mwaka unaofuata kwa ada nyingine, na mwisho anamaliza kwa miaka hiyohiyo sita, lakini amekonda na nyumba imechoka. Uliza chuo chako kinaruhusu miaka mingapi, na uanze na masomo machache mwaka wa kwanza, kwa sababu mwaka huo una mzigo ambao hauonekani kwenye krediti. Unajifunza upya kukaa na kitabu.

Wapo wanaofikiri watazitoa saa hizo kwenye usingizi. Nilijaribu. Unasoma mpaka saa nane usiku, unaamka saa kumi na moja, na baada ya wiki tatu unajikuta unasoma ukurasa mmoja mara nne na hujui umesema nini. Kazini nilikosea hesabu ya mifuko ya saruji nikakatwa mshahara. Mwezi wa Ramadhani ndio ulionifundisha utaratibu mwingine. Baada ya daku nilikuwa sirudi kulala, nasoma mpaka Alfajiri na baada yake mpaka wakati wa kutoka. Nikagundua kwamba saa moja ya wakati ule ilinifaa kuliko saa mbili za usiku. Mwezi ulipoisha nikaendelea hivyo, ila nikawa nalala saa nne usiku bila mjadala. Mwingine atakuta usiku unamfaa. Kila mtu na mwili wake, mradi jumla ya usingizi isiguswe.

Kikao

Karatasi ya saa ikishapatikana, usiifiche. Mimi niliiweka mezani siku ya Jumapili baada ya chakula, akiwepo mke wangu, binti yetu mkubwa aliyekuwa na miaka saba, na mama yangu aliyekuwa anakaa kwetu. Mama alishangaa. Alisema tangu azaliwe hajaona mwanamume anawaomba ruhusa watoto. Nikamwambia, "Mama, siombi ruhusa, nakopa." Akanyamaza, kisha akasema kama ni mkopo basi kila mtu ataje chake.

Wakataja. Mke wangu alitaka Jumapili asubuhi iwe yake, aende kwao au apumzike, na watoto wabaki na mimi bila kitabu mkononi. Binti alitaka nimwangalie daftari la hesabu kila siku kabla ya kulala. Mama alitaka nimpeleke Rufiji mara mbili kwa mwaka. Mimi nikataja saa zangu 12: saa moja na nusu kila alfajiri kwa siku tano, na Jumamosi baada ya kazi saa nne na nusu. Tukaziandika kwenye karatasi ya kalenda ya zamani, tukaibandika nyuma ya mlango.

Na tukaweka sharti moja la kufuta lile langu la kwanza. Mtoto akiumwa, au mzazi akiumwa, au yeyote mle ndani akizidiwa, naambiwa palepale, hata kama kesho yake ni mtihani. Kitabu kinafungwa. Mtihani una marudio.

Nimeshuhudia watu wakicheka habari ya kikao. Wanasema mambo ya nyumba hayaendeshwi kwa karatasi. Sawa, lakini deni lisiloandikwa ndilo linalogombanisha watu. Yule asiyesoma anaona anaonewa kila siku, yule anayesoma anaona haeleweki, na wote wawili wana haki. Karatasi ikiwepo, mke anajua kwamba Jumamosi saa moja usiku mumewe atatoka kwenye kitabu, na anaweza kuvumilia mpaka saa moja. Asipojua mwisho ni lini, hata nusu saa ni ndefu.

Katika kikao hicho zungumzeni pia fedha. Ada mnaiona kwenye fomu, lakini fotokopi, nauli ya kwenda kwenye mtihani, bando la intaneti na chakula cha siku za masomo ya ana kwa ana hazimo kwenye fomu, na ndizo zinazokula pesa ya sabuni. Sisi tulitumia upatu. Mke wangu alicheza na walimu wenzake, akamwomba kijumbe zamu yake iangukie mwezi wa ada. Sikupenda kuingia mkopo wa riba kwa ajili ya shahada, na bado sioni kwa nini mtu aanze elimu kwa mzigo huo wakati vyuo vingi vinapokea ada kwa awamu.

Kusoma kwa saa chache

Saa 12 zinatosha tu kama zinasomwa vizuri, na wengi wetu tulifundishwa vibaya. Tulifundishwa kusoma ni kurudiarudia maandishi na kupiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio ambalo kila mwanafunzi mtu mzima anapaswa kulijua. Wanafunzi walipewa habari fupi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine liliisoma kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likafunika karatasi na kuandika linachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliokuwa wanajipima walikumbuka kama asilimia 61, na waliokuwa wanarudia kusoma kama asilimia 40.

Angalia faida yake kwa mtu mwenye saa chache. Kujipima hakuhitaji meza wala taa wala ukimya. Zile saa 18 za njiani, ambazo tuliziandika kama zimepotea, zinarudi. Kwenye daladala huwezi kufungua kitabu, umesimama, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umeshika mfuko. Lakini unaweza kujiuliza: zile sababu tano nilizosoma alfajiri ni zipi? Ukikwama kwenye ya nne, umejua pa kurudia kesho. Nilikuwa naandika maswali kumi kwenye kijikaratasi, naweka mfuko wa shati, na mpaka nafika Kariakoo nimeyapitia mara mbili. Leo wengi wana simu ya kurekodi sauti. Jirekodi ukisoma maswali, acha nafasi ya kujibu, kisha jisomee jibu, na usikilize ukiwa safarini.

Lakini usizihesabu saa za njiani katika zile 12. Hizo ni nyongeza. Siku nyingine utakuwa umechoka na utalala umesimama, na ni halali yako.

Mwajiri

Kazini nilikosea kama nyumbani. Nilificha. Niliogopa bosi akijua nasoma atasema nataka kuondoka. Ikawa kila mitihani inapofika naumwa, na bosi si mtoto. Mwaka wa pili meneja aliniita akaniuliza kwa nini malaria yangu ina ratiba.

Niliporudi masomoni nilimpelekea barua mwanzoni mwa mwaka, nimeambatanisha ratiba ya mitihani, nikiomba likizo yangu ya mwaka ianguke wiki hizo. Sheria niliyoitaja inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, lakini mwenye kauli juu ya lini uitumie ni mwajiri. Kwa hiyo hapo hudai, unaomba, tena mapema, kabla wenzako hawajaandika zao. Sheria hiyohiyo inasema ovataimu ni kwa makubaliano, na isizidi saa 50 katika wiki nne. Ni vizuri kulijua hilo, ingawa najua wengi tunaishi kwa hiyo ovataimu na kuikataa ni kukataa ugali. Kama huwezi kuiacha, punguza masomo ya mwaka huo. Hesabu ni ileile ya 168.

Meneja hakufurahi, lakini alisaini. Na kitu kimoja nilikiona baadaye: kwa kuwa alijua, alianza kunipa kazi za mahesabu ambazo zilikuwa zinafanana na nilichokuwa nasoma.

Zamu ya mama

Nilimaliza mwaka 2010. Mwaka 2012 mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, akasema sasa na yeye anataka kusoma. Nikamwambia sawa, tena kwa moyo mkunjufu. Hapa ndipo nataka wanaume wenzangu wanisikilize vizuri.

Nilipokuwa nasoma mimi, nyumba nzima ilinyamaza. Aliposoma yeye, nyumba haikunyamaza hata dakika moja. Mama yuko mezani na kitabu, mtoto anauliza soksi zangu ziko wapi. Mama anaandika kazi ya chuo, mgeni anapiga hodi na mimi nilikaa kwenye kiti nasubiri yeye ainuke. Jamaa zangu wakaanza maneno, kwamba anasoma ili anipande kichwani. Na mimi, niliyekuwa nahubiri habari ya karatasi ya saa, sikuwa nimebandika karatasi yoyote. Ilichukua miezi mitatu mpaka siku moja akaitoa ile yangu ya zamani kutoka kwenye sanduku, akaibandika nyuma ya mlango, akafuta jina langu kwa kalamu na kuandika lake. Hakusema kitu.

Tukakaa kikao cha pili. Tulipoandika wiki yake tukakuta zile saa 32 nilizokuwa nazo mimi yeye hana. Kuna kupika, kufua, kusafisha, na madaftari ya wanafunzi wake ya kusahihisha usiku. Zilikuwa zinabaki saa 7, na humo ndimo alimokuwa anatakiwa kusoma na kuwa mama na kuwa mke. Ili apate 12, ilibidi mtu mwingine atoe. Mimi nilichukua kupika siku tatu, kufua Jumamosi, na kuwaandaa watoto asubuhi. Binti akachukua vyombo, na mdogo wake maji na kufagia. Ugali wangu wa mwezi wa kwanza sitaueleza hapa.

Wapo watakaosema kazi hizo si za mwanamume. Sitabishana nao sana. Tunaijua sote habari iliyopokewa kwa Bi Aisha juu ya alivyokuwa Mtume (SAW) nyumbani kwake, kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wake mpaka wakati wa swala unapofika. Na hata tukiacha hilo, mimi nilikuwa nalipa deni. Mwanamke huyu alinipa saa zaidi ya 3,000 kwa miaka sita. Ningezirudisha kwa kumpongeza?

Alihitimu mwaka 2017.

Sasa yule binti wa daftari la hesabu ni mtu mzima, ameolewa, ana mtoto wa miezi kumi na kazi ya mapokezi. Mwezi uliopita alikuja na mumewe kusema anataka kuanza shahada. Tukatoa karatasi. Tuliandika kila kitu, kunyonyesha, nauli, usingizi unaokatika, na mwisho zikapatikana saa 9 za kusoma kwa wiki. Akagawanya mwenyewe kwa simu, 3,600 kwa 9, kisha kwa wiki 50. "Baba, miaka minane?" Nikamwambia ndiyo, kama hakuna mtu mle ndani atakayetoa saa nyingine, na aulize kama chuo kinaruhusu miaka hiyo. Hapo wote tukamwangalia mkwe. Akaichukua karatasi, akaisoma kwa muda, akaomba apewe wiki moja aangalie Jumamosi zake.